Mnamwita paka mlafi wakati nyie ndio mnamlisha beseni moja na wenzie thelathini!

Wakuu habari zenu. Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu najiambia niachane nalo ila leo limenishinda, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie.

Mwezi wa tatu nilienda kwenye kituo kimoja cha kuokoa paka hapa Dar, jina silitaji, nikachukua paka jike mweusi tii nikamwita Chausiku. Dada aliyenikabidhi akaniambia "kaka huyu uwe naye makini, ni mlafi na mwizi, ameshachukuliwa mara mbili na mara mbili zote karudishwa". Kwenye karatasi yake wameandika hivyo hivyo, MLAFI, kwa kalamu nyekundu. Nikasema sawa, kula si dhambi, nikambeba mpaka Tandika.

Siku ya kwanza nikamchemshia dagaa. Jamani. Alikuwa anakula huku ananguruma, masikio kayalaza nyuma, mguu mmoja kauingiza ndani ya sahani, hatafuni, anameza tu, alivyomaliza akatapika dagaa wazima wazima halafu akaanza kuyala yale matapishi mbio mbio huku ananiangalia mimi. Nikakaa pale chini jikoni nimeishiwa maneno. Yule mnyama alikuwa ananiogopa, anajua nitamnyang'anya.

Ndo nikaamua nirudi kituoni nikaone wanakulaje. Nilifika saa nne asubuhi nikakuta ndo wanalishwa. Beseni moja la bluu, ugali wa dona umevurugwa na mchuzi wa dagaa, dagaa wenyewe wa kuhesabu, paka niliowahesabu mimi mwenyewe ni thelathini na moja. Madume makubwa yamejaa mzunguko mzima wa beseni, wengine wote wako nyuma wanalia. Dakika tatu dagaa hakuna, umebaki ugali mtupu, na hapo ndo mpaka kesho saa nne. Kuna kapaka kamoja ka kijivu, jicho bovu, hakakusogea kabisa, kalikaa ukutani kanaangalia wenzie. Nikamuuliza kijana anayelisha, huyu anakula saa ngapi, akanijibu "paka akikosa siku mbili hafi, atajifunza kugombania".

Hivi nyie mnaokoa nini?

Sikilizeni niwaambie kitu ambacho daktari wa mifugo yeyote atawaambia bure. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini, ini linazidiwa, na hapo anaweza kufa hata ukija kumpa nyama kilo nzima, na aliyekuwa mnene ndo yuko hatarini zaidi. Na ugali kwa paka ni kujaza tumbo tu. Paka lazima apate taurini, ni kirutubisho, haimo kwenye mahindi, imo kwenye nyama na samaki, na mwili wake hautengenezi ya kumtosha. Akiikosa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unatanuka unakosa nguvu, hilo la moyo watafiti wa California walilionyesha tangu mwaka 1987, si habari ya jana. Sasa mnashangaa nini paka zenu zinakufa ghafla mnasema "amerogwa na majirani", maana hata hilo nimelisikia pale pale getini kwenu.

Kingine, makombo ya pilau ya kwenye sherehe. Nimeona ndoo nzima imeletwa, mnamimina tu. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa! Mtu anaacha kitoweo chake anawaletea kwa roho safi, kazi yenu nyie ni kumwambia mama asante lakini hiki hapana.

Na michango mnakusanya. Mimi nimekuwa nikituma elfu ishirini kila mwezi kabla hata sijachukua paka, kwa sababu mnaweka video za sahani zimepangwa mstari, kila paka na ya kwake. Zile sahani ziko wapi? Maana mimi niliona beseni.

Sasa niwaambie "mlafi" wenu yukoje. Nilichofanya ni kugawa kile kile chakula cha siku mara nne, kidogo kidogo, saa zile zile bila kukosa, cha kwanza baada ya adhana ya alfajiri. Kwenye sahani nikaweka jiwe kubwa safi katikati ili alazimike kuzungushia mdomo asimeze kwa pupa. Dagaa nachemsha na ule mchuzi wake nampa maana taurini inatokea kwenye maji. Nikienda soko la samaki la Feri namletea vichwa vya samaki changu, natoa mifupa yote kwanza. Mapupu ya ng'ombe ndo anayapenda kupita kiasi, mfuko ukichakacha tu getini anakuja na mkia umesimama, anaimba, sina neno lingine, anaimba mpaka sufuria ishuke jikoni. Anajua saa kuliko simu yangu. Wiki mbili za kwanza alikuwa ananguruma bado. Wiki ya sita, siku ya Jumanne, alikula akaacha dagaa wawili kwenye sahani akaenda kulala. Wakuu nilitoa machozi. Alikuwa na uhakika atawakuta.

Huyo ndo amerudishwa mara mbili. Kwa sababu mliwapa watu paka mwenye njaa ya mwaka mzima mkawaambia ana tabia mbaya, na wao wakaamini.

NYONGEZA: kwa ndugu aliyeniuliza kwa nini nisimpe maziwa ashibe, paka wengi wakubwa maziwa ya ng'ombe yanawaharisha, mpe maji. Na kwa wale mnaosema kituo hakina hela nisiwaseme vibaya, hela ya dagaa naelewa ni ngumu, mimi siwadai nyama ya fileti. Nadai vitu vitatu: mgawanye chakula mara mbili badala ya moja, wadogo na wagonjwa wale chumba chao, na kila paka awe na sahani yake. Sahani za plastiki pale Tandika sokoni mia tano mia tano. Nimeshanunua arobaini, ziko kwenye mfuko hapa mlangoni, Jumamosi nazileta mwenyewe saa nne kamili wakati wa kulisha. Na yule wa kijivu mwenye jicho bovu msimpe mtu mwingine, namchukua mimi.