Re: Kiwanja cha familia Ukerewe: loji au utalii wa nyota?

Kutoka: dada wa Reading, Uingereza

Wana Kanda ya Ziwa, habari za huko mliko. Wakubwa, shikamooni. Tuna kiwanja cha marehemu baba kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, nje kidogo ya Nansio, karibu na maji. Mdogo wangu anataka nitume hela tujenge loji ya vyumba sita. Juzi nimeona kwenye televisheni vijiji vya milimani huko India vinavyopokea wageni wanaokuja kutazama nyota tu. Kuna anayeyajua haya kwa karibu? Kwetu yanawezekana?

Kutoka: kaka wa Bengaluru, India

Dada, hela ya loji isubiri kwanza. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu jambo hili nimelifuatilia sana na linanigusa.

Ulichokiona bila shaka ni Ladakh. Taasisi ya elimu ya anga ya India ina makao makuu yake hapa Bengaluru. Darubini yao yenye kioo cha mita 2 iko Hanle, hukohuko Ladakh, kwenye mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, na wanaiendesha kwa setilaiti kutoka Hosakote, nje kidogo ya jiji hili. Desemba 2022, eneo la kilomita za mraba 1,073 kuizunguka lilitangazwa kuwa hifadhi ya anga lenye giza. Lakini watalii hawafuati darubini hiyo kubwa. Taasisi iliwachukua wanakijiji wenyewe, wake kwa waume, ikawafundisha anga na kuwapa darubini ndogo. Mgeni analala kwenye nyumba ya familia, anakula chakula chao, na usiku mwenyeji anamwonyesha pete za Zohali. Madirisha yanafungwa mapazia mazito ili mwanga usitoke nje. Hela inaingia jikoni kwa mtu moja kwa moja.

Sasa linganisha na kwetu. Hatuna mita 4,500, na unyevu wa ziwa upo, siwezi kukudanganya. Ila Ukerewe iko nyuzi mbili tu kusini mwa Ikweta. Mwezi wa sita, saa mbili na nusu usiku, tazama kusini uone Msalaba wa Kusini, kisha geuka kaskazini umwone Dubu Mkubwa, vyote kwa wakati mmoja. Hapo Reading, Msalaba hauchomozi kabisa, na mwezi huo wa sita anga lenu halifiki giza kamili usiku kucha. Kwetu, saa mbili na robo giza limeshatanda, iwe Januari, iwe Julai. Na Juni hadi Agosti ndiyo kiangazi chetu, na ndiyo miezi ambayo Wazungu wanajaa Serengeti. Anayetokea lango la Ndabaka anapita Bunda, anashuka Kisorya, anavuka kwa kivuko hadi Rugezi, yuko Ukerewe. Akija Juni anaweza pia kupitia Bujora, karibu na Mwanza, kwenye Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma.

Kuna jambo moja ambalo Ladakh hawana na sisi tunalo: dagaa. Wavuvi wa dagaa wanatoka wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapandishwa mwaloni, watu wanashona nyavu. Kwa hiyo usiku mzuri wa nyota ndio huohuo usiku wa kazi ziwani, na ukisimama ufukweni unaona taa zimetapakaa majini kama mji mzima umehamia huko. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola, nyeupe na kali zaidi. Zinaharibu giza upande wa ziwa. Usije ukamwambia mvuvi azime taa yake kwa ajili ya mtalii. Hiyo ni ada ya shule ya mtoto wake. Chagua mahali penye jabali au kilima kinachoziba ziwa. Majabali Ukerewe hayapungui. Wageni wakishamaliza kutazama nyota, wapeleke upande wa pili wazione taa za dagaa kutoka juu. Mimi naamini watazikumbuka sawa na Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga.

Mbalamwezi nayo isipotee bure. Siku ya saba hadi ya kumi tangu mwezi uandame, darubini ndogo tu inaonyesha mashimo na milima ya mwezini, kwa sababu vivuli vyake ni virefu. Mwezi ukikomaa wavuvi wako nyumbani, wana nafasi ya kukaa na wageni na kusimulia. Muweke na mzee mmoja anayeijua Kilimia, lile kundi la nyota, na majira ya kulima.

Vifaa: anza na darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara kumi, lenzi za milimita 50) na stendi ya miguu mitatu. Unaibeba kwenye sanduku lako ukienda likizo. Risiti iwe mkononi ukifika forodhani. Ile kubwa ya kioo cha inchi 8 ije baadaye, kikundi kikishaonyesha kwamba kinafanya kazi. Unyevu wa ziwa huotesha kuvu kwenye lenzi, kwa hiyo ihifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Tochi zifungwe karatasi nyekundu ya nailoni. Macho yanahitaji kama dakika 20 au 30 kuzoea giza, na mwanga mmoja wa simu unawarudisha wote mwanzo.

Usalama: viboko hupanda nchi kavu usiku kula majani, na mamba wapo. Hakuna kumkalisha mgeni kwenye mchanga. Hakuna kumpakia mtumbwini usiku; ziwa letu linajulikana kwa dhoruba za usiku. Nguo za mikono mirefu, dawa ya mbu, chandarua.

Na kiwanja chenyewe: pima. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo loji ya "karibu na maji" inaweza kukugeukia. Kama ni ardhi ya kijiji, mazungumzo yanaanzia serikali ya kijiji. Na kama ulishachukua uraia wa huko, ongea na wakili kabla jina lako halijaandikwa popote.

Kutoka: mama wa Muscat

Wanangu, nimesoma yote. Mwanangu wa Bengaluru, umeongea vizuri, ila umesema mwenyewe kwamba usiku wa giza wanaume wako ziwani. Sasa mgeni wa kiume analazwa kwenye nyumba ya nani? Mke wa mvuvi yuko peke yake na watoto, na unamletea mtu asiyemjua. Kijiji kitasema nini? Mimi nimezaliwa mwaloni. Maneno ya mwaloni hayaishi.

Kutoka: kaka wa Bengaluru

Mama, shikamoo. Umegusa penyewe, na Ladakh hawana shida hiyo kwa sababu baba hayuko ziwani usiku. Basi kwa kuanzia mgeni alale gesti Nansio. Jioni apokelewe na kikundi, si nyumba moja: akina mama wa vicoba wapike pamoja sato na ugali wa muhogo, pembeni michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga, na vijana wawili watatu waliofundishwa washike darubini. Malipo yaingie kwenye akaunti ya kikundi, na mtendaji wa kijiji ajue ni wageni wangapi wamefika. Kulaza nyumbani kuje wakati wa mbalamwezi, baba akiwepo, kwa familia itakayotaka yenyewe.

Kutoka: dada wa Reading

Wabeja sana, mama na kaka. Nimempigia mdogo wangu, hakufurahi kuhusu saruji, lakini amekubali kwenda kupima hizo mita 60 na kumwona mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, wa mwalo wetu. Nakwenda Juni. Nahitaji mtu wa kufundisha vijana wawili kwa Kiswahili kabla sijafika, hata kwa simu. Aliye na mwalimu wa fizikia au jiografia Mwanza anayependa anga, naomba aniandikie pembeni.