Kamera ya mfukoni baada ya miaka mitatu na zaidi: Sony RX100 III, Ricoh GR III, Canon G7 X Mark II au Olympus TG-6?

Mfaa (Tanga)

Ndugu zangu, nawasalimu. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikipiga picha za milango ya nakshi katika miji ya mwambao, nikianzia Tanga na Pangani, kisha Mji Mkongwe wa Zanzibar, na nikijaliwa nitafika Lamu. Nia yangu ni kuweka kumbukumbu ya kila mlango kabla haujaoza, haujauzwa au haujapakwa rangi ya mafuta juu ya nakshi: picha moja ya mlango mzima, nyingine za mfaa (ubao wa katikati ya mlango), miimo (nguzo za pembeni) na kizingiti cha juu, na moja inayochukuliwa kutoka ndani ya ukumbi, ambako mwanga huwa hafifu. Kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha ninaweza kuiazima, lakini nimeona mara nyingi kwamba nikisimama nayo mbele ya nyumba ya watu, wenyeji hudhani nimetumwa na dalali, ilhali kamera ya mfukoni haimtii mtu wasiwasi.

Nimebakiza chaguo nne nilizozitaja hapo juu, na zote huenda nikazipata zikiwa zimekwisha kutumika. Maelezo ya watu waliokaa na kamera wiki moja nimeyasoma ya kutosha. Ninachoomba ni kauli ya mtu aliyeishi na kamera yake miaka mitatu au zaidi, katika joto letu na hewa yetu ya chumvi: ni kipi kilichochakaa, ni kipi kilichomchosha, na je, leo angeinunua tena?

BintiShangani (Zanzibar)

Kaka Mfaa, karibu sana. Ninayo RX100 III tangu mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya kutolewa, na sijawahi kuiweka kabatini kwa zaidi ya mwezi. Kihisi chake (kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu) kina milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni takribani mara nne ya kihisi cha kamera nyingi ndogo za bei nafuu, na lenzi yake huanzia 24 hadi 70 kwa kipimo cha filamu ya milimita 35 (namba ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana zaidi), ikiwa na uwazi wa f/1.8 upande mpana na f/2.8 upande wa mbali (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi huingia). Takwimu hizi zina maana kubwa kwa kazi yako. Uwazi wa f/1.8 ndio ulioniwezesha kupiga picha ndani ya kumbi za hapa kwetu bila kuwasha flashi, kwa kuwa flashi huifuta nakshi yote: kivuli cha mchongo ndicho kinachouonyesha mchongo, na ukiupiga mwanga kutoka mbele unabaki na ubao bapa.

Nilichokipenda zaidi kadiri miaka ilivyokwenda ni kile kidirisha cha kuchungulia kinachochomoza kutoka kwenye kona ya kamera. Saa sita mchana, jua likimulika kuta nyeupe, skrini haionekani vizuri, na ukiwa huoni kingo za picha utakata kizingiti au utapindisha miimo. Hilo lilinihusu sana.

Sasa mapungufu. Mwili wake ni laini, hauna pa kushika, kwa hiyo mwezi wa kwanza tu nilibandika kipande cha mpira upande wa mbele, na kipo hadi leo. Skrini si ya kugusa. Betri, kwa kipimo rasmi cha picha 320, haikuwahi kunitosha siku nzima ya kazi, nami hutembea na betri tatu. Hapa nina onyo: mwaka wa nne nilinunua betri mbili za bei nafuu zisizo na chapa ya kueleweka, moja ikavimba ikiwa ndani ya kamera, na ilinichukua jioni nzima kuitoa kwa subira bila kuvunja kifuniko. Tangu siku hiyo nanunua betri halisi hata kama bei yake ni mara tatu.

Ningeinunua tena? Ndiyo, bila kusita, mradi lenzi yake iwe safi.

MzeeWaKilindini (Mombasa)

Kijana wangu Mfaa, kazi unayoifanya ni ya heshima, na ningefurahi kuona wengi wakiifanya. Mimi nilikuwa mtu wa filamu, na kamera hizi za kidijitali nilizichelewa. Ricoh GR III niliinunua mwaka 2019, mwaka ule ule ilipoingia madukani, na ndiyo niliyo nayo mpaka sasa.

Yapo mambo mawili ambayo maelezo ya wiki moja hayawezi kukwambia. La kwanza ni kwamba lenzi moja isiyovuta wala kurudisha hukufundisha macho. Mwaka wa kwanza nilihisi nimefungwa. Mwaka wa pili nilikuwa nikitazama mlango kutoka ng'ambo ya njia na tayari ninajua nisimame wapi. La pili ni ubora wenyewe. Kihisi chake ni cha ukubwa ule ule wa kamera nyingi zenye lenzi za kubadilisha, zaidi ya mara tatu ya kile cha RX100, kikiwa na megapikseli 24, na kwa sababu lenzi ni ya upana mmoja tu wa 28, mistari iliyonyooka hubaki imenyooka. Kamera ndogo zenye lenzi ya kuvuta, zikiwa upande wake mpana kabisa, huupinda mstari kwa nje kama pipa, kisha programu iliyo ndani ya kamera huunyoosha kwa kuzitanua kona za picha. Kwa picha za watu hilo halina madhara. Kwa miimo ya mlango, mtu anayejua ataliona.

Kamera ina kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani yake, na kwa mkono huu wa mzee ninapata picha kali kwa moja ya nane ya sekunde, jambo linalofidia lenzi yake ya f/2.8 ndani ya nyumba. Haina kidirisha cha kuchungulia, haina flashi, na betri yake, ambayo kipimo chake rasmi ni picha 200, huisha haraka kuliko unavyotarajia. Inachajiwa kwa waya wa USB-C, hivyo mimi huichaji kwa betri ya simu nikiwa nakunywa kahawa. Jambo dogo lililoniokoa mara mbili ni kwamba ina hifadhi yake ya ndani ya gigabaiti 2, kwa siku ile unapofika mahali na kukuta kadi umeiacha kwenye kompyuta.

Nikuulize swali ambalo sijaona umelijibu: vichochoro unavyopigia picha vina upana gani? Hilo ndilo litakaloamua kati ya 24 na 28, kabla ya jambo jingine lolote.

Mwanamafia (Kilindoni)

Habari zenu wakubwa. Mimi huwapeleka wageni kuwaona papa potwe, kwa hiyo kamera yangu huishi mashuani. TG-6 nimeitumia kwa zaidi ya miaka minne. Inahimili maji hadi mita 15 bila mfuko wa ziada, na imetengenezwa kuhimili kuanguka kutoka mita 2.1. Lenzi yake haichomozi. Huvuta na kurudisha ikiwa ndani kwa ndani nyuma ya kioo. Kwa watu wa pwani huo ni uhai wa kamera, kwa sababu hakuna mwanya wa mchanga kuingilia.

Siri ya kuishi nayo ni mpira ulio kwenye milango yake ya betri na ya waya. Kila jioni huiloweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa muda, naikausha, kisha naupitisha mpira ule kwa kitambaa laini, kwa maana unywele mmoja tu unatosha kupitisha maji.

Hata hivyo, kaka Mfaa, sitakudanganya. Kihisi chake ni kile kidogo, na katika ukumbi wenye giza nakshi zitachujuka. Unapopaswa kuiwaza ni kwenye picha za karibu sana: inaweza kulenga kitu kilicho sentimita moja kutoka kwenye lenzi, na ina njia ya kuunganisha picha kadhaa zilizolengwa kwa kina tofauti zikawa moja iliyo kali kote. Ukitaka kuonyesha matundu ya mchwa kwenye mfaa, au alama ya patasi ya fundi, sidhani kama kamera hizo nyingine tatu zitaifikia.

FundiLenzi (Kariakoo)

Nimesoma kwa makini. Kamera ndogo huletwa mezani kwangu kila wiki, nami naomba niseme zinavyokufa, bila kutaja chapa, kwa kuwa ugonjwa ni ule ule kwa zote zenye lenzi inayochomoza.

Kwanza ni mchanga. Punje moja huingia kati ya mirija ya lenzi, gia ya plastiki hung'ang'ana, jino hukatika, na siku hiyo kamera huwaka, hutoa mlio na kuzima. Mwenye kamera huisukuma lenzi kwa kidole, na kile kidole ndicho kinachokamilisha uharibifu. Pili ni utepe mwembamba wa nyaya unaopita ndani ya lenzi, ambao hukunjwa na kukunjuliwa kila kamera inapowashwa. Baada ya miaka mingi hupasuka, na dalili yake ni picha inayokuja na kupotea kadiri unavyovuta. Tatu ni kuvu. Unyevu wa pwani ukikutana na giza la mkoba, kuvu huota juu ya kioo kama utando wa buibui, na ikiachwa hula ule mpako wa lenzi, kisha hata ukisafisha alama haiondoki.

Kwa hiyo ndugu Mfaa, ukienda kununua iliyotumika, fanya hivi mbele ya muuzaji. Weka kamera kwenye f/11, piga picha ya ukuta mweupe au ya anga, kisha ikuze kwenye skrini uikague kona hadi kona. Kila doa la kijivu lenye kingo laini ni vumbi lililo juu ya kihisi, na kulitoa ndani ya kamera ya aina hii kunahitaji kuifungua yote. Washa na uzime mara kumi ukisikiliza. Vuta lenzi polepole hadi mwisho na kurudi. Izime, mulika kioo kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, utafute utando. Ukishainunua, ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika jeli vinavyofyonza unyevu, wala usiiache ndani ya mkoba wa ngozi, kwa maana ngozi hutunza unyevu.

Picha_Ngara (Nairobi)

Kwa ufupi kuhusu G7 X Mark II, ambayo ninayo tangu 2017. Kihisi ni cha ukubwa sawa na cha RX100 III, lakini lenzi hufika 100 ikiwa bado na f/2.8, skrini ni ya kugusa, na ina kishikio halisi cha vidole. Kwa sherehe na nyuso za watu ninaipenda kuliko zote. Haina kidirisha cha kuchungulia, na aliyosema dada wa Shangani kuhusu jua la mchana ni kweli tupu. Bei zake pia zimepanda miaka ya karibuni tangu vijana walipozirudia kamera ndogo, kwa hiyo usishangae ukiambiwa bei ya kamera kubwa.

Mtulivu (Dodoma)

Naomba kuuliza kwa nia njema: kwa nini isiwe simu nzuri tu?

BintiShangani (Zanzibar)

Ndugu Mtulivu, swali lako ni la haki, na simu yangu mwenyewe hupiga picha za kupendeza. Tatizo ni kwamba simu huamua yenyewe kunoa na kusawazisha. Nililinganisha ua moja la yungiyungi lililochongwa kwenye mwimo: katika picha ya simu nyufa za mbao ziligeuka mistari mikali iliyofanana, kana kwamba zimechorwa kwa kalamu, wakati katika faili ghafi la kamera, ambalo halijanolewa wala kusawazishwa, niliweza kutofautisha ufa na alama ya chombo. Kwa anayetunza kumbukumbu, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Mfaa (Tanga)

Nawashukuru wote. Mzee wangu wa Kilindini, swali lako lilinitoa nyumbani na futi ya kupimia.

Mlango mrefu katika orodha yangu, pamoja na kizingiti, una mita 3.2. Kamera ikishikwa wima, lenzi ya 28 inahitaji kuwa mita 2.5 kutoka mlangoni ili kuuingiza wote, na lenzi ya 24 inahitaji mita 2.1. Nami mwenyewe, nikiegemeza mgongo ukutani, huchukua kama sentimita 30. Nimepima vichochoro tisa: vinne vina zaidi ya mita tatu, vitatu viko kati ya mita 2.4 na 2.7, na viwili ni vyembamba kuliko hapo. Maana yake ni kwamba GR ingenipa milango minne, na RX100 ingenipa saba. Hiyo miwili iliyobaki italazimu picha mbili za kuunganishwa, kwa kamera yoyote ile. Ubora wa kihisi cha GR ninaukubali kabisa, na nimeumia kuuacha.

Jana niliziona RX100 III mbili. Ya kwanza, kwenye f/11, ilikuwa na madoa matatu upande wa juu kushoto, nikamshukuru muuzaji nikaondoka. Ya pili ilikuwa safi, lenzi ilikwenda na kurudi bila mlio, ila betri yake ilikuwa imechoka. Nimeichukua. Silika jeli nimezipata kwa muuza viatu, naye alinipa bure.

MzeeWaKilindini (Mombasa)

Umepima vizuri. Kwa ile miwili, usiinamishe wala kuinua uso wa kamera: ishike ikiwa sambamba na mlango, piga nusu ya chini ukiwa umechuchumaa, kisha panda juu ya kigoda upige nusu ya juu, huku umbali ukiwa ule ule. Kigoda uwaombe wenye nyumba, na utakapomaliza waonyeshe picha.