Mafunzo ya siku moja kuhusu kiwewe yanatosha kwa walimu?

Mratibu: Habari za humu, wakuu. Naandaa mafunzo kwa watumishi 40 wa shule kuhusu wanafunzi waliopitia mazito: kufiwa, kupigwa, kukimbia vita. Uongozi umenipa siku moja, jumla ya saa sita. Slaidi nyingi ni za ubongo na aina za kiwewe. Zitatosha? Na wapishi na walinzi niwaite?

Mnasihi: Saa sita za slaidi zitawaachia msamiati mpya, basi. Omba uzigawe: vipindi vinne vya dakika 90, kila baada ya wiki mbili, ili wakajaribu darasani na kurudi na maswali. Ubongo upe dakika 15 tu. Mtoto akihisi hatari mwili hutangulia fikra: hupigana, hukimbia au huganda. Hapo kwenye kuganda ndipo walimu hukosea zaidi. Anayerusha kiti kila mtu anamwona. Aliyeduwaa huitwa mvivu, au hapewi jina lolote kwa kuwa hasumbui mtu.

Muda unaobaki ni maigizo. Wakae watatu watatu: mwalimu, mwanafunzi, mtazamaji. Dakika tatu, wabadilishane. Sentensi ziwe fupi: "Naona leo si rahisi. Utakaa hapa au karibu na mlango?" Machaguo mawili yanatosha, maana aliyetaharuki hawezi kupima matano. Sauti iwe ya chini, mwalimu asimame ubavuni badala ya kumkabili, asimguse bila ruhusa. Watu wazima huona haya kuigiza na watakuomba mjadala badala yake. Usikubali.

Walinzi, wapishi na madereva waite, tena wakae kundi moja na walimu. Mlinzi humwona mtoto getini kabla ya mwalimu yeyote.

Mlezi_wa_Shule: Mkuu, kabla ya kipindi cha kwanza tengeneza njia ya rufaa, yaani ya kumfikisha mtoto kwa anayeweza kumsaidia. Karatasi moja: anaambiwa nani, namba yake, asipokuwepo nani, na ndani ya muda gani. Ukiwafundisha watu dalili bila kuwaonyesha pa kuzipeleka, wengine watanyamaza na wengine watajigeuza wanasaikolojia.

Mwongozo wa WHO wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia una hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha na msaada. Kumchimba mtu aeleze kilichompata hakumo. Mtoto akifunguka mwenyewe na kusimulia, asiahidiwe siri. Aambiwe: "Sitamtangazia kila mtu, ila nitamweleza anayeweza kutusaidia." Kisha yaandikwe maneno yake yaleyale, pamoja na tarehe na saa. Swali kama "Ni baba aliyekupiga?" linampa jibu mdomoni, na baadaye linaweza kuharibu ushahidi.

Mratibu: Nimewaelewa, asanteni. Na nitapimaje matokeo? Nina fomu ya maoni ya mwisho wa semina.

Mnasihi: Hiyo itakwambia kama chai ilikuwa nzuri. Hesabu waliotolewa darasani, watoro na rufaa kwa wiki nne kabla ya mafunzo, kisha wiki nne baada ya kipindi cha mwisho. Rufaa zikipanda mwanzoni usishtuke. Huenda watu wameanza kuona.

Jambo moja husahaulika: ukumbini humo watakuwemo watumishi wenye majeraha yao. Wape mada mapema, waruhusu kutoka bila kujieleza, usionyeshe video za ukatili, na usimwombe yeyote asimulie ya kwake.