Naomba ushauri: siwezi kuhama kati ya maeneokazi pepe na madirisha hayana mwambaa wa juu

KitabuWazi (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa jamvi, salamu kwenu nyote. Ninatumia Linux kwa kazi ya kutafsiri na kuhariri, na nimezoea kugawa kazi yangu katika maeneokazi pepe manne: la kwanza la kuandikia, la pili la kamusi na marejeo, la tatu la barua pepe, na la nne la kila kinachobaki. Nilikuwa nikihama kutoka moja hadi jingine kwa mchemraba unaozunguka, na madirisha yalikuwa yakitikisika nilipoyaburuta, jambo ambalo kwangu si pambo tupu, kwa sababu ninapouona upande unaogeuka nakumbuka kazi niliyoiacha iko upande gani. Baada ya kusasisha mfumo na kuwasha upya, yote yamevurugika. Madirisha hayana mwambaa wa juu, kwa hiyo siwezi kuyahamisha, kuyakunja wala kuyafunga. Yote yanafunguka kwenye kona ya juu kushoto, moja juu ya jingine, na nikibonyeza Ctrl+F1 hadi Ctrl+F4 hakuna kinachotokea. Nina mswada wa kukabidhi karibuni na ninawaandikia kwa simu. Naomba kujua ni doido lipi (yaani athari ya mwonekano kama mchemraba au mtikisiko) nilizime ili kuhama kurudi kama zamani. Tafadhali nisiambiwe nisakinishe mfumo upya.

Kifimbo

Pole sana, mkuu. Ushauri wangu ni kwamba uachane na madoido yote na uhamie kwenye i3, kisimamizi cha madirisha kilichoanza mwaka 2009, ambacho hupanga madirisha chenyewe bila kuacha nafasi tupu na hukupeleka kwenye eneokazi unalolitaka kwa kitufe kimoja pamoja na namba. Hakuna kinachozunguka wala kutikisika, na mkono hauhitaji kuigusa puku. Mimi hufungua mhariri wa matini kwenye namba 1, terminali kwenye 2 na kivinjari kwenye 3, na mpangilio wote umo katika faili moja la maandishi ninalolinakili kila ninapobadili kompyuta. Mtu anayeishi kwa kuandika hana haja ya mchemraba.

BintiSahifa

Ndugu Kifimbo, mwenzetu ameuliza namna ya kurejesha alichokuwa nacho. Hata hivyo, nami nina la kusema kuhusu madoido, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wale wanaopatwa na kizunguzungu skrini nzima inaposogea. Kwenye GNOME (ambayo, kama Plasma, ni mazingira ya eneokazi ya Linux) niliandika `gsettings set org.gnome.desktop.interface enable-animations false` na kichwa kikatulia, na kwenye Plasma kuna kitelezi cha kasi ya uhuishaji ndani ya mipangilio ya mfumo, ambacho ukikisukuma hadi mwisho maeneokazi hubadilika papo hapo. Watengenezaji wa programu wangelikumbuka hili mapema zaidi, tungekuwa wengi tunaofanya kazi kwa raha. KitabuWazi, anza kwa kutuambia unatumia mazingira gani.

FundiMpole

Kabla hatujazima doido lolote, naomba majibu ya mambo matatu. Kwanza, ukibofya dirisha na kuandika, je, herufi zinaingia ndani yake? Pili, amri `echo $XDG_SESSION_TYPE` inatoa x11 au wayland, yaani ni upi kati ya mifumo miwili ya kuonyesha madirisha? Tatu, ni kitu gani ulichokibadilisha wewe mwenyewe kabla ya sasisho hilo? Madirisha yanayorundikana kwenye kona, yasiyo na mwambaa na yasiyopokea kibodi, ni dalili ya kikao kisicho na kisimamizi cha madirisha hata kimoja. Hapo hakuna doido la kuzima, kwa sababu hakuna wa kuyachora.

KitabuWazi

Asante, FundiMpole. Ni Debian 12 yenye Plasma 5.27, na kikao ni x11. Herufi hazifuati dirisha ninalolibofya, hilo umelipata sawasawa. Kuhusu swali la tatu, sijabadilisha jambo la msingi. Nilirekebisha mwonekano tu, kama kila mtu anavyofanya.

MtaaWaJuzi

Mchemraba huo umenirudisha mbali. Compiz, programu ya madoido kama huo mchemraba, ilipotolewa na Novell mwaka 2006, kazi ya David Reveman, wengi wetu tuliwasha Linux kwa mara ya kwanza ili kuuona tu. Mwaka huo huo likazuka tawi lililoitwa Beryl, na mwaka 2007 pande mbili hizo zikaungana tena kwa jina la Compiz Fusion. Ubuntu 7.10 ilipotoka Oktoba 2007 ilikuja na Compiz ikiwa tayari imewashwa. Nilikuwa nikikaa na marafiki usiku tukishindana nani ana kadi ya michoro inayoweza kuzungusha mchemraba huku filamu ikicheza upande wa pili bila kukwama, na kuna mmoja wetu aliyejifunza kuandika programu kwa sababu ya kutaka kujua jambo hilo linawezekanaje. Kwa hiyo msidharau madoido, kwani yamewaleta watu wengi kwenye uwanja huu.

FundiMpole

Shukrani kwa historia, MtaaWaJuzi. KitabuWazi, narudi kwenye swali la tatu, kwa sababu "mwonekano tu" ni jibu linaloweza kuficha mengi. Plasma 5.27 haina mchemraba. Uliondolewa mwaka 2021 KWin, kisimamizi cha madirisha cha Plasma, ilipokuwa ikiandikwa upya sehemu zake, na haukurudi hadi Plasma 6.0 ya Februari 2024. Mchemraba wako ulitoka wapi?

KitabuWazi

Ulitoka Compiz. Sikulitaja kwa sababu lilikuwa likifanya kazi bila shida hata kidogo, na nilihofia kwamba nikilitaja kila mtu ataniambia niliondoe bila kutazama chanzo halisi cha tatizo. Najua kwamba ni programu ya zamani. Lakini nilisoma, nikajaribu, nikairekebisha hadi ikanitumikia vizuri kuliko kitelezi cha Plasma kinachopitisha maeneokazi kama ukurasa. Sitaki kurudi nyuma kwa sababu ya sasisho moja.

Nahodha wa Nchi Kavu

Ndugu yangu, kazi ya watu huja kwanza. Mtu mwenye mswada wa kukabidhi hapaswi kuchezea nguzo za kompyuta anayoitegemea kwa riziki, wala hapaswi kusasisha mfumo mzima siku chache kabla ya kukabidhi. Nimewahi kumwona mwenzangu akipoteza kandarasi kwa sababu ya mandhari ya skrini aliyotaka yabadilike kila saa. Nasema haya kwa kukujali.

Mhakiki

Nimeusoma uzi huu tangu juu na naomba nisieleweke vibaya, ila masimulizi haya hayashikani. Katika Plasma, anayekupeleka eneokazi la pili unapobonyeza Ctrl+F2 ni KWin, si kibodi wala mwambaa wa chini. Kama Compiz ndiyo iliyokuwa ikisimamia madirisha, vikato hivyo visingefanya kazi hata kabla ya sasisho. La pili ni zito zaidi: kama Compiz ingeanguka na mtu akawasha upya, Plasma ingeamsha KWin yenyewe mwanzoni mwa kikao, na madirisha yangekuwa na miambaa yake kama kawaida. Kikao kisicho na kisimamizi hata kimoja hakiji hivi hivi tu. Tumeona hapa nyuzi nyingi zilizotungwa ili watu wa i3 na watu wa madoido wagombane, na huu unafanana nazo.

Kifimbo

Kama ni hivyo basi nami nimetumiwa, kwa sababu nilijibu kwa nia njema. Mwenye uzi athibitishe.

BintiSahifa

Tusimhukumu mtu haraka. Hoja ya kwanza ya Mhakiki ina jibu: kwenye kipanga mipangilio cha Compiz mtu anaweza kujiwekea Ctrl+F1 hadi Ctrl+F4 mwenyewe, ili vidole visilazimike kujifunza upya. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwenye Xfce, mazingira mengine ya eneokazi. Hoja ya pili ndiyo inayohitaji maelezo, na naamini anayo.

FundiMpole

Hoja ya pili ya Mhakiki ni sahihi, na ndiyo hasa niliyokuwa nikiielekea. KitabuWazi, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina lako na nywila yako kwenye skrini nyeusi ya maandishi, kisha andika `ls -l ~/.config/systemd/user` na utunakilie kilichomo, neno kwa neno.

KitabuWazi

Sijatunga lolote. BintiSahifa amesema kweli, vikato hivyo nilijiwekea mwenyewe. Kuhusu folda hiyo, mna haki ya kuona. Kuna faili langu `compiz.service`, na kuna mstari huu:

`plasma-kwin_x11.service -> /dev/null`

Ndiyo, niliifunga huduma ya KWin kwa `systemctl --user mask`. Naomba mnielewe kabla ya kunilaumu. Zamani ilitosha kuweka kigeu cha KDEWM na Plasma ingeamsha kisimamizi unachokitaka, lakini tangu toleo la 5.25 lilipoanza kuwasha kikao kupitia systemd (programu inayoamsha huduma za mfumo), kigeu hicho hakisikilizwi tena. Nikiiacha KWin wazi, inawahi kuliko Compiz na kushika skrini. Sikuifuta, ipo nzima, nimeizuia isiamke tu. Sioni njia nyingine ambayo ningeweza kuipita.

Mhakiki

Sasa inaeleweka. Naondoa shaka yangu kuhusu ukweli wa kisa. Ila mstari huo mmoja ungekuja tangu mwanzo, uzi huu ungekuwa na majibu mawili tu.

FundiMpole

Basi chanzo ni hiki. Compiz si doido linaloongezwa juu ya KWin, ni kisimamizi kamili cha madirisha, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Wewe ulimfungia mmoja nje, na siku yule wa pili aliposhindwa kuamka, zizi likabaki tupu. Kwa sasa fanya hivi kwenye skrini ile ile ya maandishi:

`systemctl --user disable compiz.service`
`systemctl --user unmask plasma-kwin_x11.service`

Kisha washa upya. Utaingia ukiwa na KWin, na mswada wako utafunguka kama kawaida. Ili tujue kwa nini Compiz haikuamka, soma `journalctl --user -u compiz.service` na utuambie mistari yake ya mwisho inasema nini. Tuambie pia kadi yako ya michoro ni ya aina gani, na amri `dkms status`, inayoonyesha moduli za kadi zimejengwa kwa kiini kipi, inatoa nini.

KitabuWazi

Madirisha yamerudi na miambaa yake, na ninaandika haya kutoka kwenye kompyuta yenyewe. Asante sana. Mstari wa mwisho wa Compiz unalalamika kwamba `GLX_EXT_texture_from_pixmap` haipo. Kadi ni ya NVIDIA, ninatumia kiendeshi cha kampuni yenyewe, na `dkms status` inaonyesha kiini cha Linux (kernel) cha zamani peke yake.

FundiMpole

Ndipo penyewe. Sasisho lilileta kiini kipya cha Linux, lakini moduli ya kadi haikujengwa kwa ajili yake kwa sababu vichwa vya kiini hicho, yaani faili za kujengea moduli, havikuwamo. Compiz haiwezi kuchora chochote bila msaada huo wa kadi, kwa hiyo ilikataa kuanza, ilhali KWin huweza kuendelea kusimamia madirisha hata madoido yakizimika. Sakinisha `linux-headers-amd64`, ambacho ni kifurushi kitakacholeta vichwa vipya pamoja na kila kiini kipya, usubiri moduli ijengwe, uhakikishe kwa `dkms status`, kisha uwashe upya.

Kuhusu mchemraba, una njia mbili zisizokufunga. Ya kwanza ni Debian 13, iliyotoka Agosti 2025 na Plasma 6.3, ambamo mchemraba umo katika nyongeza za KWin yenyewe. Unahitaji angalau maeneokazi matatu, na huitwa kwa Meta+C (Meta ni kitufe cha Windows). Ujue tu kwamba si uhuishaji wa kuhama: unauita, unauzungusha, unachagua upande. Ya pili ni kufungua akaunti nyingine ya mtumiaji yenye Xfce na kuiwekea Compiz huko, ili siku ikianguka, akaunti ya kazi isiguswe.

KitabuWazi

Nitachukua ya pili. Najua mtasema nahangaika bure, lakini mchemraba wa kuita kwa kitufe si ule ninaouzungumzia. Ninataka ugeuke kila ninapohama, bila mimi kuuomba. Mswada nitaumalizia kwenye KWin, na nimekwisha kuweka kanuni za madirisha ili mhariri wa matini ufunguke daima eneokazi la kwanza na kamusi la pili.

Kifimbo

Kanuni za madirisha ni jambo jema. Ukiona zinakutosha, kumbuka i3 inazo pia.

BintiSahifa

Kwenye akaunti hiyo mpya hakikisha kipambaji cha madirisha kinaamka pamoja na Compiz, kwa maana Compiz haichori miambaa yenyewe, humwachia msaidizi kama `gtk-window-decorator`. Mimi nilikwama hapo kwa muda, nikidhani Compiz imeanguka.

FundiMpole

Na ukifika kwenye ukubwa wa eneokazi ndani ya mipangilio ya Compiz, weka upana wa mlalo kuwa 4, wima kuwa 1, na idadi ya maeneokazi iache ibaki 1. Compiz hutengeneza eneokazi moja pana lililogawanywa pande nne, na mchemraba hujengwa kwa pande hizo. Ukiweka maeneokazi 4 na upana wa 1, hutapata mchemraba, na hakuna sasisho la kiendeshi litakalolibadilisha hilo.