Nimeizoea Biblia hadi siisomi tena. Nifanyeje vuli hii?

kalamu_nyekundu
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Biblia yangu ni ileile niliyopewa nilipopata kipaimara, miaka 31 sasa. Imepigwa mistari ya wino mwekundu, ikafuata ya bluu, halafu ya penseli nilipoanza kuona aibu ya kuichafua. Shida ni kwamba nikifungua Zaburi ya 23, jicho linakimbilia palepale nilipopiga mstari nikiwa msichana. Naguswa kidogo kwa mazoea, nafunga. Juzi nimemaliza sura nne za Warumi huku nawaza nguo nilizoanika! Sasa majani yanapukutika, giza linaingia mapema, jioni ni ndefu. Nataka kuanza upya. Ila msinipe ratiba ya kumaliza Biblia kwa mwaka. Nimejaribu mara tatu, mara zote nimekwama Mambo ya Nyakati, kwenye yale majina. Ninyi wazoefu mnasomaje?

mzee_wa_besi
Amina, dada. Hiyo yenye mistari iweke kabatini kwanza. Chukua nakala safi, ikiwezekana tafsiri nyingine: kama umekulia Union Version, jaribu Habari Njema. Kisha soma kitabu kizima bila kunyanyuka, kwa sauti. Ruthu ina sura 4 na aya 85, nusu saa haiishi. Na namba zisikutawale. Sura tulizonazo zilipangwa karne ya 13, na aya za Agano Jipya alizitia mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Paulo hakujua kuna "Warumi 8:28". Mimi nilipoacha kuzifuata ndipo nikaona Filemoni ni barua hasa: mzee yuko kifungoni, anamwombea mtumwa, na kabla ya salamu anakumbuka kuomba atayarishiwe mahali pa kufikia.

tawi_la_mzeituni
Mama, maadamu umetaja vuli, soma yaliyotokea vuli. Mwezi wa saba wa Kiyahudi huangukia Septemba au Oktoba. Nehemia 8 ni siku ya kwanza ya mwezi huo: Ezra anasoma torati toka alfajiri hadi adhuhuri, watu wamesimama, wanalia, wanaambiwa waache kulia waende wakale. Baadaye wanakata matawi mlimani, wanajenga vibanda juu ya dari za nyumba zao.

Ukitoka hapo nenda Yohana 7. Ni sikukuu hiyohiyo ya Vibanda. Nchi ile haioni mvua miezi yote ya kiangazi, na vuli ndipo watu wanaanza kuitazamia. Katika sikukuu, makuhani walichota maji kwenye bwawa la Siloamu, Yerusalemu, wakayamimina madhabahuni. Sasa soma aya ya 37, "Mtu akiona kiu". Nimeihubiriwa tangu utoto, na sikuwahi kujiuliza wale waliokuwa pale walikuwa na kiu ya namna gani.

mzee_wa_besi
Umenikumbusha Mhubiri, ambayo Wayahudi wengi huisoma kwenye sikukuu hiyo. Neno tulilopewa kama "ubatili" kwa Kiebrania ni hevel: pumzi, mvuke. Na ndilo jina la Habili. Rudi Mwanzo 4 ukiwa na hilo kichwani.

kalamu_nyekundu
Nimerudi. Nilianza na Yohana 7, kwa sauti, nakala ya kuazima. Jamani, ndugu zake Yesu wanamsimanga waziwazi mwanzoni! Anawaambia hapandi kwenda kwenye sikukuu, halafu anapanda kwa siri. Kwenye Biblia yangu ukurasa ule una mstari mmoja tu, chini ya aya ya 37, kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikifika mwisho wa sikukuu bila kupita mwanzo wake. Nimebaki na swali la kwa nini alificha safari, na sijaridhika na jibu langu.

Mume wangu alichungulia mlangoni kuuliza naongea na nani. Kesho ni Ruthu; amesema atakaa kusikiliza.