Udongo wa kukauka na hewa unanipasukia kwa figa, nitumie nini ya bei rahisi?

kijana_umoja:
Habari zenu wasee, naomba msaada juu nimekwama kabisa. Nina figa ya plastiki, yaani kasanamu ka mtu, nilitoa Gikomba kwa marundo ya toi za mitumba, urefu kama sentimita 15, na nataka nimgeuze awe Mekatilili wa Menza, yule mama wa Wagiriama aliyekataa Waingereza mwaka wa 1913. Nataka avae hando kabisa, ile sketi ya marinda mengi inayojaza kiuno, na mkononi ashike kifaranga vile hadithi inasimuliwa. Ni zawadi ya nyanya yangu huko Kaloleni, Kilifi, sasa sitaki kitu itakuwa vipande kabla basi ifike Mtito Andei.

Nilinunua ule udongo mweupe wa kukauka na hewa wa stesheneri, nikampaka kiunoni mara moja, unene wa kidole. Siku ya kwanza alipendeza mpaka nikaita majirani waone. Siku ya tatu nikapata ufa umeanzia kitovuni umezunguka mpaka mgongoni, na nilipomshika pindo la hando likabaki mkononi. Nikajaza ufa na udongo mwingine mbichi, ukapasuka tena pale pale. Nimefikiria ule wa kuoka lakini naogopa. Bajeti ni elfu moja, nikijikaza sana elfu moja na mia tano.

fundi_vinyago:
Pole sana ndugu. Udongo hauna makosa, shida ni vile umeuweka. Ule udongo umejaa maji, na ukikauka maji yanatoka na wenyewe unapungua. Sasa ndani kuna plastiki ambayo haipungui hata kidogo, kwa hivyo udongo unajivuta na umefunga kitu kigumu, unajivuta mpaka unaachia mahali ni dhaifu, ndio maana ufa wako umezunguka kiuno chote. Na ukijaza ufa na udongo mbichi, huo nao unapungua vile vile, unarudi ulikotoka.

Ukitaka kuendelea nao, kwanza osha figa na sabuni itoke mafuta, ikwaruze na msasa ndio udongo upate mahali pa kushika, upake gundi nyeupe ya mbao, halafu weka leya ya milimita mbili au tatu, ngoja ikauke kabisa ndio uongeze ingine. Usianike kwa jua wala karibu na jiko, ukauke polepole kivulini. Nyufa ndogo zijaze na udongo uliochanganywa na hiyo gundi mpaka uwe kama uji mzito.

Lakini pindo jembamba na vidole, hiyo si kazi ya udongo wa maji. Hapo tafuta epoxi ya kukanda, ya sehemu mbili. Hiyo haikauki, inashika kwa sababu zile sehemu mbili zikikutana zinabadilika, kwa hivyo haipungui na hata ndani ya maji inashika. Watu wa figa wanapenda Milliput ya Uingereza juu inakupa muda wa kutosha kuchonga na kesho yake unaipiga msasa inakuwa laini kabisa. Ukikosa, ingia hadwea yoyote uulize ile puti ya epoxi ya mafundi bomba, kijiti ambacho ukikikata unaona rangi moja nje na ingine katikati. Hiyo inashika kwa dakika chache tu na inapata joto ikishika, kwa hivyo kata kipande kama punje ya mahindi, ukande, utumie, ndio ukate kingine. Vaa glavu, ikizoea kugusa ngozi inaweza kukuletea mwasho. Ukipiga msasa vaa maski.

Ule wa kuoka achana nao. Unataka kama digrii 110 mpaka 130, na figa nyingi za mitumba ni PVC, plastiki inayolainika na joto, italegea miguu kabla udongo haujaiva.

mama_shanga:
Mimi huwa natengeneza wangu nyumbani, kikombe kimoja cha gundi nyeupe, kimoja cha kona flawa, kijiko cha mafuta na kijiko cha siki, nakoroga kwa moto mdogo mpaka ijikusanye iwe donge, nakanda ikipoa na naweka kwa karatasi ya nailoni isikauke. Dada yangu alitumia unga wa ugali akaniambia imemshinda, na lazima imshinde, kona flawa ni wanga mtupu na unga wa ugali una chenga. Ni nzuri kwa shanga na maua madogo, lakini hata hiyo inapungua sana ikikauka, na haipendi maji.

fundi_vinyago:
Kweli dada, na Kilifi kuna unyevu kuliko huku kwetu. Chochote cha maji au cha wanga lazima kipigwe vanishi pande zote mpaka chini ya miguu, ukiacha mahali wazi unyevu utaingilia hapo.

panel_beater_254:
Bodifila je, ile ya kujaza mabonde kwa bodi ya gari? Tuko nayo kibao huku Kirinyaga Road.

fundi_vinyago:
Inashika poa na inapigwa msasa vizuri, lakini kuna plastiki zingine inazilainisha na ile harufu si ya kuvutia ndani ya nyumba ya chumba kimoja. Jaribu chini ya mguu kwanza, na ufanyie nje.

mwana_wa_kaya:
Kijana, hando ni kitambaa. Mbona unahangaika na udongo? Chukua foili ya jikoni uikunje iwe ngumu, izungushe kiunoni ujaze ule unene, hiyo haina uzito na haina maji ya kupungua. Kisha kata shati kuukuu la pamba jepesi, vipande vya upana wa sentimita tatu hivi, vichovye kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji kidogo, kunja marinda moja moja na kijiti cha meno ukizunguka, leya juu ya leya. Ikikauka inakuwa ngumu na haipasuki juu nyuzi zimeshikana. Epoxi ibaki ya kifaranga na vidole.

kijana_umoja:
Wasee asanteni, nimerudi baada ya wiki mbili. Nilibandua udongo wote na kisu, nikaweka foili, nikakata shati langu la shule ya msingi. Marinda yamelala vizuri sana, leya nne, na nimemwangusha kutoka mezani mara moja bila kupenda na hakuna kilichotoka. Kifaranga nimekitoa kwa epoxi ya hadwea, nimerudia mara tatu juu inashika haraka, mdomo nimeuvuta na ncha ya sindano niliyopaka Vaseline isinate. Pesa imetumika chini ya elfu moja. Rangi ya akriliki nimemaliza jana. Swali la mwisho, vanishi iwe ya kung'aa au isiyong'aa?

mwana_wa_kaya:
Hando isiyong'aa, la sivyo itakaa karatasi ya nailoni. Ya kung'aa weka tone moja kwa macho na kwa shanga za shingoni. Leya mbili nyembamba, na umpeleke baada ya siku tatu, usimfunge kwa gazeti bado mbichi.

mama_shanga:
Na utuwekee picha nyanya akimshika.