Mabao 60 ya Dixie Dean msimu wa 1927/28: ni sheria mpya ya kuotea tu?

Namba Tisa:
Wakuu, Haaland alifunga 36 katika mechi 35 msimu wa 2022/23 tukasema balaa. Dixie Dean wa Everton alifunga 60 katika mechi 39. Naambiwa sababu ni sheria ya kuotea kulegezwa. Inatosha kueleza? Na ile 383 inayotajwa, ni ya ligi au ya mashindano yote?

Beki wa Kati:
Anza na sheria, kwa sababu uzito inao. Kabla ya Juni 1925 mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu, kipa akiwemo, kati yake na mstari wa goli. Beki mmoja alipanda kutega na mwenzake akabaki nyuma kama akiba. Sheria ilipotaka wawili tu, mtego ukikosea mshambuliaji anabaki na kipa peke yake. Daraja la Kwanza, ligi ya juu ya wakati huo, lilitoka mabao 1,192 msimu wa 1924/25 hadi 1,703 msimu uliofuata, kwa mechi zilezile 462. Dawa ilikuwa kumrudisha kiungo wa kati awe beki wa tatu. Arsenal ya kocha Herbert Chapman iliianza mapema, nyingine zikachelewa.

Kuhusu hesabu: akiwa Everton, Dean alifunga 349 ya ligi katika mechi 399. Hiyo 383 ni mashindano yote, mechi 433. Watu huzichanganya kila siku.

Kona Bendera:
Sheria ilikuwa ya wote, mkuu, mbona hawakufunga 60 wote? Ila George Camsell alikaribia: 59 katika mechi 37 akiwa Middlesbrough, 1926/27. Kwa wastani wa mechi anampita Dean, lakini hayo ni Daraja la Pili.

Tofauti ya Dean ilikuwa hewani, na mawinga. Alec Troup kushoto alikuwa mfupi lakini krosi zake zilishuka pale pale Dean anaporukia. Everton ilifunga 102 ligi nzima, 60 yake. Na kumbuka Juni 1926 Dean alipasuka fuvu na taya kwenye ajali ya pikipiki. Madaktari walitilia shaka kama atacheza tena, achilia mbali kupiga kichwa mpira wa ngozi unaonyonya maji.

Msimu ule wa 1927/28, zikibaki mechi tatu alihitaji 9 ili afikishe 60 na kumpita Camsell. Akapiga 2 kwa Aston Villa, 4 kwa Burnley, kisha 3 dhidi ya Arsenal Goodison Park tarehe 5 Mei 1928. Mojawapo lilikuwa penalti. La 60 lilikuwa kichwa, kona ya Troup, dakika chache kabla ya filimbi. Arsenal wakasawazisha, 3-3, na hakuna aliyejali.

Beki wa Kati:
Nakubali, na ushahidi mzuri zaidi ni 1931/32. Beki wa tatu ameshaenea, Everton imetoka tu kupanda daraja, naye Dean anafunga 45 na kuchukua ubingwa. Kwa Uingereza: mechi 16, mabao 18.

Namba Tisa:
Na jezi namba 9 aliivaa msimu ule?

Kona Bendera:
Hapana, ligi haikuwa na namba bado. Aliivaa fainali ya Kombe la FA 1933: Everton 1 hadi 11, Manchester City 12 hadi 22. Everton 3-0, yeye bao la pili.